MTUNZA MIMEA NI FUNDI



Sisi wa reli twajua: behewa lisilo na karatasi limepotea, hata likisimama mbele ya macho yako. Ndivyo ilivyo katika bustani za wataalamu. Mmea usio na kibao, wala kuandikwa daftarini umetoka mlima gani na siku gani, ni majani tu.

Tazameni Mlima Mbololo, karibu na Voi. Mna ua dogo la zambarau, halimei porini mahali pengine po pote duniani. Mwaka 1958 wataalamu waliliita Saintpaulia teitensis. Saint Paul alikuwa mkubwa wa Kijerumani kule Tanga. Yeye jina lake liliwekwa juu ya ua. Je, anayelimwagilia maji bustanini jina lake li wapi? Huitwa kibarua!

Msitu ukiisha, ua letu litabaki mikononi mwake. Akilichanganya na ndugu zake wa Usambara, watazaa chotara, na la Mbololo limekwisha. Kazi ya namna hii ni ya kibarua?

Twasema hapana. Afundishwe, apewe cheo, alipwe mshahara wa fundi. Vyama vyote vidai hivyo.

Mfanyakazi wa Reli,
Bomeni