Dawa ya magugu isiue maharage yako

Msimu uliopita ulipulizia dawa ya magugu kwenye mahindi, ukavuna vizuri. Msimu huu umepanda maharage shamba lile lile. Yameota, lakini majani ya chini yanageuka njano kuanzia pembeni, kisha yanakauka. Jirani anasema ni ugonjwa, mwingine analaumu mbegu. Huenda ni mabaki ya dawa uliyopulizia mwenyewe.

Dawa nyingi za magugu ya mahindi zina atrazini. Mahindi huihimili kwa kuwa mmea huo una uwezo wa kuidhoofisha ndani yake. Maharage hayana uwezo huo. Udongo ukiwa mkavu, sumu hii inaweza kukaa kwa miezi, na mvua kubwa ikija huisomba hadi mtoni na kisimani. Kwa hiyo hili si suala la bwana shamba peke yake. Linahusu chakula cha watoto wako na maji unayokunywa.

Habari njema ni kwamba udongo una wasafishaji wake. Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza bakteria waliyempata kwenye udongo uliomwagikiwa dawa za magugu. Bakteria huyo wa jamii ya Pseudomonas, aliyepewa jina ADP, huigeuza atrazini kuwa chakula: huivunja na kujipatia naitrojeni.

Je, ukanunue bakteria dukani? Usiwe na haraka. Bakteria mgeni akiwekwa kwenye udongo mkavu usio na mboji, mara nyingi hufa au hushindwa na wenyeji aliowakuta. Anza na hao ulio nao. Walishe samadi iliyoiva na mboji, acha kuchoma mabaki ya mazao, na tunza unyevu shambani.

Pili, pima dawa kama kibandiko kinavyoelekeza, si kwa kukisia. Soma pia zao gani linaweza kufuata na baada ya muda gani. Ukiwa na shaka, panda maharage machache kwenye kopo lenye udongo wa shamba lako na uyaangalie kwa wiki tatu kabla ya kupanda shamba zima.

Unapopulizia, vaa glavu, buti na barakoa. Usioshee bomba mtoni, wala usitumie chupa ya dawa kuhifadhia maji au mafuta ya kula.

Tunaziomba taasisi zetu za utafiti wa kilimo ziwajaribu bakteria hawa kwenye udongo wetu, na wauzaji wa pembejeo wamweleze mkulima ukweli wote kabla ya kupokea fedha yake. Lakini bakteria wasiwe kisingizio cha kumwaga sumu zaidi. Mfanyakazi hodari naye huelemewa mzigo ukizidi.