Kompyuta za Marehemu

Kijana mmoja wa Mbeya ametuletea barua. Marehemu baba yake, aliyekuwa akiwawekea watu hesabu za maduka, ameacha stoo kompyuta tatu kuukuu: mbili zenye kioo cha chogo, na ya tatu ya zamani zaidi, ambayo hakuna nyumbani aijuaye umri wake. Mnunuzi wa vyuma chakavu wa Mwanjelwa amekwisha kutaja bei. Mama ataka nafasi, kijana ataka kuzihifadhi, na mjomba aliyeko Iringa asema zipelekwe shule.

Kabla ya yote, mwanangu, fahamu kuwa vitu hivyo si vyako peke yako. Ni mali ya mirathi, kama lilivyo shamba na baiskeli. Warithi wote waridhie kwanza. Na mdogo asiyebaleghe, fungu lake haligawiwi kwa ukarimu wa kaka yake.

La pili ni zito zaidi, wala barua yako haikuligusa. Hesabu za watu zimo ndani ya diski. Nakilini kwanza yahusuyo madeni, aliyodai mzee na aliyodaiwa. Kisha jueni kuwa kufuta faili hakutoshi, kwani mashine huondoa jina tu, na maandishi hubaki mpaka yaandikiwe juu. Fundi aiandike upya diski nzima mbele yenu, au aitoboe. Siri za watu ni amana, na amana hiyo haikufa pamoja na mzee.

Ama hamu yako ya kuhifadhi, wako watakaoicheka, sisi hatuicheki. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo, na amri ikaja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo kompyuta iliyotumika Nyanda za Juu Kusini katika miaka ya 1980 ni adimu kuliko nyenziwe ya London. Itazame ile ya tatu kwa nyuma, usome namba na mwaka. Ikiwa ni ya zama hizo, usiiwashe kwa pupa. Fundi aifungue aone betri iliyoungwa katika bodi, maana za kale huvuja zikala njia za shaba. Kisha andika nani aliinunua, wapi, na ilifanya kazi gani. Bila habari hizo ni bati tu. Waulizeni watu wa makumbusho ya Boma, Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Wakikataa, itunze wewe, mahali pakavu.

Mjomba ana nia njema, lakini tumepata kuona shule iliyopewa kompyuta kumi na nne, zikawaka nne. Zilizobaki zikawa mzigo wa mwalimu mkuu. Ziwasheni zile mbili siku tatu mfululizo. Zikisimama, wekeni programu nyepesi ya Linux badala ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2014, na mwulizeni mwalimu kama anazitaka.

Zisiposimama, mwiteni yule wa Mwanjelwa. Lakini kioo cha chogo kina risasi, kisivunjwe uani wanapocheza watoto. Na nyaya zisichomwe kutafuta shaba, moshi wake ni sumu. Mkubaliane hayo kabla ya kupokea fedha, na fedha hizo ziingie katika mirathi.