Herufi Zako Zimo Katika Mwandiko Wako

Kabla mtoto hajapanda basi kwenda shule ya bweni, wazazi wengi huandika jina lake juu ya sanduku la bati. Langu aliliandika marehemu baba kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wake ule ule wa barua: herufi zimelalia kulia, na R ina mguu mrefu uliovuka mstari. Wenzangu walinicheka. Leo baba hayupo, barua zake zimepotea, na sanduku lile ndilo ukumbusho pekee nilio nao wa mkono wake.

Zamu yangu ilipofika ya kuandika sanduku la binti yangu Rehema, niliiga herufi za vichwa vya habari gazetini. Zilinyooka vizuri, lakini zingeweza kuwa za mtu yeyote. Nikazifuta. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Herufi zako huna haja ya kuziazima, kwani tayari unazo. Chukua daftari, uandike jina moja mara kumi kwa mwendo wako wa kawaida, bila kujipamba. Kisha tazama yanayojirudia: herufi zimelalia upande gani, ni pana au nyembamba, mkia wa g umefungwa au umeachwa wazi. Yanayojirudia ndiyo yako. Yaliyotokea mara moja ni haraka tu. Chagua mawili au matatu, uyashike katika kila herufi. Ukiyachukua yote, jina halitasomeka.

Sasa yakuze. Piga mistari miwili kwa rula ili vimo vilingane, na mlalo wa herufi uwe mmoja. Unene nao una kanuni yake. Mwingereza Edward Johnston, ambaye kitabu chake cha mwaka 1906 kilisaidia kufufua sanaa ya kuandika kwa mkono nchini mwake, alisisitiza matumizi ya kalamu yenye ncha pana. Kalamu hiyo ikishikwa kwa pembe isiyobadilika, huacha mstari mnene hapa na mwembamba pale. Kama huna, funga penseli mbili pamoja kwa mpira, ncha zake zilingane, uandike polepole. Zitachora kingo mbili za kila herufi, nawe utajaza katikati.

Nafasi baina ya herufi ipime kwa jicho, si kwa rula. Herufi mbili zilizosimama wima, kama I na N, zahitaji nafasi kubwa zaidi. Mbili za mviringo, kama O na O, zisogezwe. A na V zikaribiane zaidi.

Mwisho, chora kwanza kwa chaki juu ya bati, simama mbali, utazame, urekebishe. Ndipo ushike brashi na rangi ya mafuta, kidole kidogo kikiegemea bati ili mkono usitetemeke.

Nami nilifanya hivyo. Katika zile mara kumi nilizoandika "Rehema", kila R ilikuwa na mguu mrefu uliovuka mstari. Sikupata kujua kuwa ninao. Nimeuacha kama ulivyo, na binti yangu ameondoka nao. Wenzake wakimcheka, atanielewa baadaye.