Mchunga: Adui wa Jembe, Rafiki wa Chungu

Mvua za mwaka zinapoanza kunyesha Vitengeni, katika bara ya Kilifi, mimea miwili huchipuka pamoja shambani. Mmoja umepandwa na mwenyewe, nao ni muhindi. Wa pili haukupandwa na mtu, nao ni mchunga, ambao Wagiriama huuita mutsunga. Mwenye shamba huupiga jembe akiuita gugu. Jioni mkewe huyachuma majani yake akayatia chunguni. Yafaa basi mmea huu ujulikane vema, kwa kuwa ni adui na rafiki wa nyumba moja.

Wataalamu huuita Launaea cornuta. Zamani ulihesabiwa katika kundi la Sonchus, hata mwaka 1966 mtaalamu C. Jeffrey akauhamishia katika Launaea. Ni wa ukoo mmoja na alizeti na letisi.

Atakaye kuutambua atazame alama nne, wala alama moja haitoshi. Kwanza, jani au shina likivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Lakini mnyaa pia na magugu ya jamii yake hutoa maziwa, na hayo huunguza ngozi na kuumiza macho. Kwa hiyo maziwa peke yake si ushahidi. Pili, shina lake lina uwazi ndani mfano wa mrija, nalo laweza kufika mita moja na nusu. Tatu, majani mengi hukaa chini yakilizunguka shina, na yale ya juu ni membamba, yenye ncha kama pembe; na neno cornuta kwa Kilatini maana yake ni “yenye pembe”. Nne, ua lake ni la manjano hafifu, na vijiua vyake vyote vina umbo moja la ulimi, bila duara la katikati lionekanalo katika alizeti. Hapo ndipo unapotengana na gugu liitwalo Tridax procumbens, ambalo limeenea sana pwani: hilo lina duara la manjano katikati ya ua, majani yake yana manyoya, wala halitoi maziwa.

Mchunga ni mchungu kweli kweli. Wapishi wa Kimijikenda huyachemsha majani, wakamwaga maji ya kwanza, kisha huyachanganya na mchicha au majani ya kunde, wakatia tui la nazi. Hapo uchungu hupungua na sima hushuka vizuri. Majani machanga, yaliyochumwa kabla ya kutoa maua, ndiyo yaliyo bora.

Kuupanda si kazi ngumu. Mzizi wake hutambaa chini ya ardhi, na jembe likiukata, vipande huchipuka tena. Hivyo mkulima adhaniye ameumaliza, kumbe ameupanda! Basi mvua zinapoanza, na ichimbwe mizizi michache, ikatwe vipande vya urefu wa kidole, ifukiwe si chini sana katika kitalu cha peke yake karibu na nyumba. Kisipandwe katikati ya mahindi, kwa maana hautakubali kukaa mahali ulipowekwa. Kila wiki zichumwe ncha tu, na shina liachwe lichipuke tena.

Kitalu hicho kina faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Siku hizi wakulima wengine hunyunyiza dawa ya kuua magugu, na mchunga uliopigwa dawa huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kunyauka. Achumaye katika shamba asilolijua aweza kuwapelekea watoto wake sumu. Mboga ya kitaluni historia yake hujulikana.

Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu cha mimea ya chakula cha asili, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula hivyo katika orodha ya mifano mema. Hayo ni ya kushukuriwa. Lakini kitabu hakimshiki mtoto mkono. Binti wa Vitengeni arudiye kutoka shuleni asipoonyeshwa na nyanya yake alama zile nne, shambani, jani likiwa mkononi, siku moja atapita juu ya mboga akienda dukani kununua mboga.