Boksi la feni ni la vumbi, si la mkaa

Feni moja, vichujio vinne, kadibodi na selotepu pana: mwenye vitu hivyo anajitengenezea kisafisha hewa kabla maharage hayajaiva jikoni. Tunawashauri wasomaji wanaokihitaji wakitengeneze. Tunawaonya pia wasikitwishe mzigo usio wake.

Chombo hiki kina wenyewe. Mwaka 2020, Uviko-19 ikiwa imefunga shule na ofisi duniani, mhandisi wa Marekani Richard Corsi alitoa wazo la kuzungushia feni vichujio kadhaa badala ya kimoja. Jim Rosenthal, mwenye kampuni ya vichujio huko Texas, akaliunda. Ndiyo maana linaitwa boksi la Corsi-Rosenthal. Maelezo yake yaliachwa wazi kwa kila mtu, na huko Marekani wakati huo vifaa vyote vilipatikana kwa chini ya dola 100. Moshi wa misitu iliyoungua magharibi mwa Marekani mwaka huohuo ukawapa watu wengi zaidi sababu ya kulitengeneza.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Tafuta vichujio vya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa kichujio kukamata chembe), vya mraba, inchi 20 kwa 20, unene wa inchi 2. Visimamishe vinne viwe kuta za boksi. Kila kimoja kina mshale ubavuni unaoonyesha hewa inakoelekea. Mishale yote itazame ndani. Chini ziba kwa kadibodi, juu laza feni ikipuliza kuelekea darini. Mwenye feni ya duara akate tundu la duara kwenye kadibodi ya juu. Hata feni ya mraba hufanya kazi vizuri zaidi ikifunikwa pembe zake kwa kadibodi, maana pembeni ndipo hewa hurudi ndani. Kisha pitisha selotepu kila kiungo. Hewa hupita palipo rahisi, na penye upenyo wa kidole itapita bila kuchujwa.

Msomaji makini atauliza: je, kichujio hicho kinakamata kila kitu? Hapana. Kwa chembe ndogo kabisa zinazopimwa, za kati ya mikroni 0.3 na 1, daraja la MERV 13 linadai angalau nusu tu. Kwa zile za mikroni 1 hadi 3, asilimia 85. Nusu hiyo inatosha kwa sababu hewa ya chumba hupita kwenye boksi tena na tena. Mara ya kwanza inabaki nusu, ya pili robo, ya tatu thumuni. Kuta nne za vichujio nazo zinaipa feni nafasi ya kuvuta hewa nyingi bila kuhangaika. Feni iwe nzima na waya wake usiwe umechubuka. Vichujio vikigeuka vyeusi vibadilishwe, kwa kuwa feni inayonyimwa hewa huchosha mota yake.

Sasa tuseme mipaka yake, na hapa ndipo wengi watapoteza fedha.

Mpaka wa kwanza ni dirisha. Nyumba nyingi za pwani hujengwa zipitishe upepo, na dirisha la nyavu halifungwi mchana kutwa. Kuwasha boksi humo ni kufagia uwanja huku upepo unavuma. Linafaa chumba kinachofungika: chumba cha mtoto mwenye pumu, usiku jirani anapochoma takataka, au ofisi yenye kiyoyozi, ambacho kwa kawaida hupoza hewa ileile bila kuleta mpya. Penye hewa safi nje, fungua dirisha; hakuna kichujio cha bei nafuu kuliko hilo.

Mpaka wa pili ni gesi, nao ni wa uhai na mauti. Kichujio hukamata chembe, hakikamati gesi. Kaboni monoksidi inayotoka kwenye jiko la mkaa haina rangi wala harufu, nayo hupita kwenye vichujio vinne kana kwamba havipo. Boksi litapunguza moshi unaoonekana na kumfanya mwenye nyumba aamini chumba ni salama, huku gesi inayoua ikibaki palepale. Atakayeingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ana boksi kona ya pili amejichimbia kaburi kwa mkono wake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wengi wao walikuwa wakivuta moshi wa kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa. Dawa ya moshi huo ni kubadilisha nishati, na Tanzania imeshajiwekea lengo: asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi au jiko la umeme ndivyo vitakavyotimiza lengo hilo. Kwa anayengojea zamu yake, jiko likae nje au chini ya banda lililo wazi.

Kwa vumbi la barabara na moshi wa dampo, vyuo vya ufundi vinaweza kuanza wiki hii. Vichukue feni za kawaida za madukani, vijaribu vipimo vya kadibodi vinavyozifaa, na vibandike mchoro ukutani fundi yeyote auone. Halmashauri nazo zizoe takataka kabla wananchi hawajazichoma. Boksi la feni humsaidia aliye ndani ya chumba. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu kando ya dampo hana chumba cha kujifungia.