Rais Mpya Peke Yake Hatawarudisha Askari Wetu

Asubuhi kwenye kituo cha kuuzia chai hapa Itumbe, vikapu vikingoja lori la kiwanda, nimewasikia vijana wakisema: 2027 tuweke rais mwingine, na askari wetu watarudi kutoka Somalia. Ndugu zangu, nawapenda, ndiyo maana siwezi kunyamaza. Tumaini hilo mmeliegemeza kwenye ukuta mwembamba.

Tazameni yaliyopita. Oktoba 2011 Mwai Kibaki ndiye aliyekuwa Ikulu jeshi letu lilipovuka mpaka kuwafuata wapiganaji wa al-Shabaab. Aprili 2013 akaingia Uhuru Kenyatta, na katika zamu yake tukazika vijana wetu waliouawa kwenye kambi ya El Adde huko Somalia, Januari 2016. Septemba 2022 akaingia William Ruto. Januari 2025, kikosi cha Umoja wa Afrika kilipobadilishwa jina kwa mara ya pili, Wakenya walikuwa wangali ndani yake. Marais watatu, njia ile ile. Raila Odinga naye alikuwa Waziri Mkuu jeshi lilipoingia Somalia; 2014, akiwa nje ya serikali, upinzani aliouongoza ulidai litoke. Simlaumu, kwani mtu huona mengi akiisha kushuka kitini. Nawaomba tu mpime nguvu ya kiti chenyewe juu ya anayekikalia.

Na sisi Abagusii hatukuhitaji kukumbushwa jambo hili, maana tulilijua kwa damu. Mwaka 1905 askari wa Mwingereza walipanda milima yetu na bunduki ya rasharasha. Kabla mwaka huo haujaisha, serikali ya London ilibadilika: Wahafidhina wakatoka, wakaingia Waliberali. Huku kwetu pia Kamishna Stewart alifariki, nafasi yake ikashikwa na Sadler. Wakubwa wapya kote kote! Januari 1908 Otenyo, shujaa wetu, kwa kuhimizwa na mganga Moraa Ng'iti, akamchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Northcote akapona, askari wakarudi, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, wakaua watu zaidi ya mia moja. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alisoma simu zilizofika London akashtuka, akahoji kwa nini watu wasio na kinga wauawe kwa wingi namna ile. Alisema kweli. Lakini huku mazizi yalikuwa yamekwisha kubaki matupu, kodi ya nyumba ilikuwa bado inatakiwa, na waliotumwa kuikusanya hawakubadilika moyo kwa sababu ya kura zilizopigwa Uingereza.

Mtu ataniuliza habari za Kongo. Ni kweli, Rais Laurent Kabila alipouawa Januari 2001, mwanawe Joseph alifungua mazungumzo ambayo baba alikuwa ameyazuia, na kufikia mwisho wa 2002 majeshi mengi ya kigeni yalikuwa yametoka. Sifichi hilo. Ila Zimbabwe na Angola, waliomlinda baba, walikuwa wamechoka na gharama, na mataifa ya nje yalikuwa yakisukuma. Kijana yule aliukuta mlango umelegea, akawa na busara ya kuusukuma. Hata hivyo huko Kivu, mashariki mwa nchi hiyo, bunduki hazikunyamaza.

Basi kiongozi ana kazi yake, lakini apate watu wa kumsukuma. Katiba yetu ya 2010 haikumwachia rais peke yake jambo hili: majeshi hupelekwa nje kulinda amani kwa idhini ya Bunge. Kwa hiyo mgombea ubunge akija kituoni kuomba kura, msimwulize barabara na bonasi ya chai tu. Mwulizeni askari wetu watarudi kwa masharti gani, na yeye atapiga kura upande upi. Mwulizeni kama atadai idadi kamili ya waliokufa El Adde, ambayo serikali ya wakati ule haikuwaambia wazazi wao. Mwulizeni mbele ya wote, kabla lori halijafika, na jibu lake liandikwe.