Kifaru Kinajificha Nyuma, Wewe Unapelekwa Mbele

Kama umewahi kukaa kwenye kibanda cha gemu pale Kitengela, au ukacheza World of Tanks Blitz kwa simu ukingoja matatu ijae, unajua sheria ya kwanza ya vifaru: usisimame mahali wazi. Mgeni huingia uwanjani na kukata katikati ya shamba kama ndama aliyekata kamba. Nusu dakika haiishi, ameungua. Mzoefu hutafuta tuta. Anasogeza kifaru polepole hadi kiwiliwili chote kifichwe na udongo, na kinachochungulia ni kichwa tu, ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga. Anapiga, anarudi nyuma, anangoja mzinga ujazwe, anachungulia tena.

Hii si mbinu ya gemu pekee. Kichwa cha kifaru kina chuma kinene zaidi upande wa mbele, na ni kidogo kukilenga. Kiwiliwili ni kipana, na ubavu wake ni mwembamba. Ukificha kiwiliwili, adui anabaki na shabaha ndogo tena ngumu. Wanajeshi waliifanya mbinu hii miongo mingi kabla ya World of Tanks kutoka mwaka wa 2010.

Fikiria hapa kwetu Kajiado. Ukitoka Kitengela kuelekea Isinya, nchi ni uwanda mtupu. Kifaru kikisimama pale kitaonekana kama twiga. Lakini nenda Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapoanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Kifaru kikikaa nyuma ya ukingo ule, kinaona kila kinachopanda, na wanaopanda hawaoni ila kichwa.

Shida ni moja: ili upige chini, mzinga lazima uinamike. T-72, kifaru cha Kisovieti, huinamisha mzinga digrii 6 hivi. Leopard 2 ya Wajerumani hufika digrii 9. Tofauti ya digrii 3 inaonekana kama mchezo, lakini pale Kona Baridi T-72 ingelazimika kupanda juu zaidi ya ukingo ili imwone adui, na ikishapanda, kiwiliwili kiko nje. Ndiyo maana kwenye gemu ukichukua kifaru cha Kirusi ukaenda nacho kilimani unalia. T-72 si mgeni kwetu pia. Mwaka wa 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli MV Faina iliyokuwa ikija Mombasa, na ndani yake mlikuwa na vifaru 33 vya aina hiyo.

Mbinu hii iliwahi kuokoa majeshi. Oktoba 1973, kwenye milima ya Golan, vifaru vichache vya Israel aina ya Centurion vilikaa juu ya matuta yaliyoandaliwa mapema, vikainamisha mizinga na kuvizuia vifaru vingi zaidi vya Syria vilivyokuwa vikipanda. Hadi hapo gemu na vita vinakubaliana.

Sasa sikiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo vinapoachana.

Tuta linakukinga na mtu aliye mbele yako. Halikukingi na aliye juu. Mwaka wa 1991, kwenye Vita vya Ghuba, jeshi la Iraq lilifukia vifaru vyake mchangani, vikabaki vichwa tu. Kwa macho, kazi safi. Lakini jioni mchanga wa jangwa hupoa haraka, na chuma hubaki na joto. Marubani wa Marekani wakitazama kwa kamera za joto waliona vifaru viking'aa kimoja kimoja, wakaviangushia mabomu. Mwaka wa 2020, katika vita vya Nagorno-Karabakh, droni za Azerbaijan ziliwafanyia Waarmenia yayo hayo: vifaru vilivyochimbiwa mashimo yake vizuri vilipigwa kutoka angani.

Ukraine imemaliza ubishi. Kombora la Javelin hupaa kwanza, kisha hushuka juu ya kifaru, mahali chuma kilipo chembamba. Ndani ya T-72, chini kabisa ya kichwa, kuna sahani inayozunguka yenye makombora 22. Yakilipuka, kichwa chote huruka hewani na wafanyakazi watatu waliomo hawana pa kutokea. Warusi walijaribu kufunika vifaru kwa vizimba vya nondo na mabati, mpaka vingine vikafanana na kibanda cha mama mboga kinachotembea. Kisha zikaja droni ndogo zinazoendeshwa na mtu aliyevaa miwani ya skrini, za bei ya simu nzuri tu, zinazoweza kufukuza kifaru kilomita kadhaa na kukiingilia kwa nyuma.

Marekani iliipa Ukraine vifaru 31 vya Abrams mwaka wa 2023. Kufikia Aprili 2024, maafisa wa Marekani walisema vimerudishwa nyuma ya mstari wa mbele kwa sababu ya droni. Chuma cha mamilioni ya dola kilikuwa hakina tena tuta la kujifichia.

Wachezaji wa World of Tanks wanaichukia sana ile mizinga ya masafa marefu inayokuangushia makombora kutoka juu bila wewe kumwona aliyepiga. Wanasema inaharibu mchezo. Basi vita vya leo karibu vyote ndivyo hivyo, na hakuna wa kumlalamikia.

Hapo ndipo unapaswa kujiuliza: kama vifaru vimerudi nyuma, nani yuko mbele?

Jibu ni watu. Watu kwa miguu, wawili wawili au watatu watatu, wakivuka mashamba yasiyo na mti uliobaki na majani. Wengine wanapelekwa kwa pikipiki, kwa sababu pikipiki ina mbio na haigharimu kitu ikipotea. Ndiyo, pikipiki kama hizo tunazopanda kutoka stejini kwenda ndani ya mtaa. Kifaru kilikuwa ngao ya askari wa miguu; sasa kinafichwa kwa kuwa ni ghali, na askari anatangulia. Vita vya namna hiyo vinakula watu haraka, na jeshi linalokula watu haraka linatafuta watu popote. Urusi imepata wapiganaji kutoka Nepal, India, Cuba, na hapa kwetu.

Na "hapa kwetu" si maneno ya jumla. Septemba 2025, polisi walivamia nyumba za kupanga Athi River, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kitengela, wakawaokoa vijana zaidi ya 20 waliokuwa wakiandaliwa kusafirishwa kwenda Urusi. Mwezi huohuo jeshi la Ukraine lilionyesha video ya Mkenya aliyetekwa vitani. Alisema alikwenda Urusi kama mtalii, akapewa karatasi za Kirusi asizoweza kusoma, akatia saini. Novemba mwaka huo, serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi.

Tafadhali usiwacheke. Wengi hawakuambiwa habari ya vita. Waliambiwa kazi ya udereva, ulinzi, upishi. Kijana aliyemaliza chuo, anayelala kwa ploti ya dada yake na kuzunguka EPZ kila asubuhi akiuliza kama kuna nafasi, akiambiwa nauli imelipwa na mshahara ni wa dola, atauliza maswali mangapi? Ajenti anajua hivyo. Yeye naye ana tuta lake: anaonyesha kichwa tu, yaani mshahara na tiketi. Kiwiliwili, yaani mkataba wenyewe, kimefichwa ng'ambo kwa lugha usiyoijua.

Wapo pia wanaokwenda wakijua, na hapa gemu inahusika. Ukishinda mechi 500 unaanza kujiona unaelewa vita. Unaelewa pembe za chuma, muda wa kujaza mzinga, pa kujificha. Ni maarifa ya kweli, sikatai. Lakini ni maarifa ya kamanda wa kifaru, na hakuna anayekusajili Athi River ili akukabidhi kifaru. Mgeni asiyejua lugha hapewi chuma cha mamilioni. Anapewa bunduki na kuelekezwa upande wa kukimbilia. Kwenye gemu wewe ndiye uliyejificha nyuma ya tuta. Kule utakuwa ndiye kitu kinachotumwa mbele ili adui afyatue na ajulikane alipo. Na gari likiungua kwenye gemu unarudi gereji kuchagua jingine.

Kwa hivyo, mbinu ya mzoefu itumie hapa, kabla hujasonga. Mzoefu hatoki mafichoni mpaka ajue nani anamwona. Ajenti akikuita, angalia kama kampuni yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Orodha iko wazi kwenye tovuti yao. Mkataba uwe wa lugha unayoisoma, na uusome ukiwa Kenya, si ukiwa umeshatua. Viza ya utalii kwa safari ya kazi ni dalili mbaya peke yake. Ukiambiwa usimwambie mtu, mwambie mama yako siku hiyohiyo. Na ukiona vijana wamewekwa kwenye fleti wiki nzima wakingoja safari, na pasipoti zao ziko kwa mtu mwingine, piga ripoti polisi. Wale wa Athi River waliokolewa wakiwa bado upande huu wa uwanja wa ndege.

Gemu endelea nayo, haina ubaya. Chukua Leopard, panda kilima, inamisha mzinga. Lakini jamaa akikufuata nje ya kibanda na kusema kuna mahali utalipwa kufanya hivyo kwa kweli, muulize kifaru chako kiko wapi, kisha umwangalie anavyojibu.